Shangazi, mlezi wetu wa roboti anaumwa na mkono aliouchora haunyanyui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni nahodha wa timu ya roboti ya shule yetu, nina miaka 17. Naomba jina langu lisitokee, wala la shule, maana wenzangu wanaisoma safu hii na wakinitambua sitakuwa na pa kuweka uso.

Timu yetu inalelewa na baba mmoja ambaye ni mhandisi wa mitambo. Si mwalimu wa shule na halipwi chochote, ila sote tunamwita Mwalimu. Alitupokea tukiwa hatujui hata kushika bisibisi. Ana tabia moja: ukimpelekea tatizo hakupi jibu, anakurudishia swali. Ukimwambia mota haizunguki, atakuuliza, "Umeme umefika wapi?" Basi unachukua kipima umeme, unafuata waya kidogo kidogo mpaka unapaona mwenyewe pale ulipokatika. Kuna siku anakera kwelikweli. Lakini ndivyo tulivyojifunza.

Msimu huu ulipoanza alikuwa anachoka haraka na ana alama za michubuko mikononi. Tukimuuliza anasema ni za karakana. Kumbe ni saratani ya damu, lukemia, ile inayokwenda kasi. Alilazwa ghafla, muda mfupi tu baada ya kutuachia daftari lenye hesabu na mchoro wa mkono wa roboti. Sasa yuko kwenye kemo, zile dawa kali za kuua saratani.

Wiki ile aliyolazwa tulikesha karakana, tukaurefusha mkono ili ufikie rafu ya juu ambako ndiko pointi ziliko, maana tuliona tukirudi nyumbani tutalia tu. Mwenzetu mmoja wa upande wa programu akatengeneza video: picha ya Mwalimu kitandani, kichwa hakina nywele, dripu mkononi, na maneno ya kuomba michango. Hiyo picha Mwalimu mwenyewe ndiye alitutumia sisi kwenye kundi letu la simu. Timu tunazoshindana nazo zikaisambaza. Wamekuwa wema mno. Wapo wanaotuma pesa, wapo wanaouliza pa kuchangia damu, na timu moja imeahidi kubandika jina lake kwenye roboti yao.

Kisha mke wa Mwalimu akanipigia simu. Hakufoka. Alishukuru sana, halafu akaniambia kwamba wana watoto wawili wadogo na hawajaambiwa baba yao anaumwa nini. Akasema, "Naomba mlifikirie hilo, mwanangu." Hakusema tuifute video, hakusema tuiache. Nilipowaambia wenzangu tuiondoe, wakanijibu kwamba sina huruma, na kwamba mama huyo huyo amepokea michango ya kwanza na akaishukuru.

La pili sijamwambia mtu. Mkono wa roboti haunyanyui. Unapanda hadi katikati, unatetemeka, kisha unashuka taratibu, na mota inachemka kiasi kwamba ukiigusa unatoa kidole haraka. Wengine wanasema ni betri, wengine programu. Betri tumebadilisha, programu imepitiwa upya, mkono ni ule ule. Usiku mmoja nikakaa na daftari la Mwalimu. Ameweka gia za uwiano wa 36 kwa 1, yaani mota izunguke mara 36 ndipo mkono uzunguke mara moja, na kwenye hesabu ametumia urefu wa mkono wa sentimita 45. Mkono wetu una sentimita 90! Mwalimu mwenye akili zake timamu hawezi kukosea hivyo. Naogopa ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumgusa akili hata kabla ya kulazwa, na kemo ndiyo imezidisha. Hata juzi ameuliza swali lile lile aliloniuliza siku iliyotangulia: mkono unaendeleaje?

Namjibu, "Vizuri, Mwalimu."

Wenzangu wameandika kwenye fremu kwa kalamu ya rangi: MKONO WA MWALIMU. Anayegusia kubadilisha gia anaulizwa kama anataka kufuta kazi yake. Nikibadilisha nitaonekana msaliti. Nikimwambia mwenyewe kwamba alikosea nitamvunja moyo akiwa kitandani. Nikinyamaza tutapeleka mashindanoni roboti isiyoweza kunyanyua mkono, tena yenye jina lake. Nimewaza hata kuingia karakana usiku peke yangu nibadilishe kimya kimya. Shangazi, nifanyeje?

Nahodha

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya ugonjwa wa mlezi wenu, na pole ya kubeba siri katikati ya watu wanaokutegemea uwe na majibu.

Umeniletea mambo mawili, la video na la mkono, na umeyapanga kana kwamba hayahusiani. Mimi naona ni jambo moja. Mna mtu mnayempenda, na tangu alazwe kila mmoja wenu anaamua kwa niaba yake. Mwenye video ameamua asaidiwe vipi. Wenye kalamu ya rangi wameamua aheshimiwe vipi. Wewe nawe umeamua aambiwe nini na afichwe nini. Kila mmoja ana nia njema. Ila Mwalimu mwenyewe yupo, anashika simu, anaandika ujumbe, na sioni mahali popote katika barua yako ambapo ameulizwa.

Niruhusu nianze na mkono, kwa sababu hapo kuna kitu nadhani kimekupita. Soma tena barua yako. Umeandika kwamba wiki aliyolazwa mliurefusha mkono. Mbele kidogo umeandika kwamba yeye alitumia sentimita 45 na mkono una 90. Hukuandika kwamba mlimwambia mmeurefusha. Je, mkono aliouona mara ya mwisho kwa macho yake ulikuwa na urefu gani? Kama ulikuwa 45, hesabu yake huenda ni sahihi kabisa, kwa mkono ule. Sijui, sikuwapo. Lakini kabla ya kusema ugonjwa umemla akili, lazima jambo hilo lijulikane, na kulijua ni suala la kufungua mchoro wake na kutazama tarehe.

Mimi si fundi, kwa hiyo nilimuuliza mtu anayeijua kazi hiyo. Ameniambia hivi: mzigo ule ule ukiupeleka mbali mara mbili kutoka kwenye mhimili, mota inadaiwa nguvu ya kuzungusha mara mbili. Ikishindwa kuzunguka huku umeme unaendelea kuingia, umeme huo unageuka joto, ndiyo maana inakuunguza kidole. Kwa hesabu ya haraka, 36 kwa 1 ingetakiwa kwenda 72 kwa 1, na pengine zaidi kidogo, kwa kuwa bomba lenyewe la mkono nalo limeongezeka uzito. Gharama yake ni kwamba mkono utapanda kwa nusu ya kasi. Njia nyingine ni kufunga springi au mipira ya kuvuta ili isaidiane na mota. Au mrudishe mkono kwenye urefu wake wa kwanza, muiache rafu ya juu, mkusanye pointi za chini. Kila njia ina faida na hasara yake, na timu mbili nzuri zinaweza kuchagua tofauti. Sasa niambie, hilo si ndilo aina ya swali ambalo Mwalimu wenu angelifurahia?

Ni kweli watu wengi walio kwenye kemo husema kwamba kumbukumbu na umakini vinapungua. Kuna dawa zenyewe, kuna uchovu, kuna usingizi wa hospitali ambao si usingizi. Kwa hiyo hofu yako haikutoka hewani, na kama atakujibu hesabu yoyote kwa sasa, ipitieni upya kama mnavyopitia ya mtu mwingine yeyote. Lakini kuuliza swali lile lile siku mbili mfululizo? Mwanangu, huyu ni mtu aliyewalea kwa maswali. Amekuuliza mkono unaendeleaje, ukamjibu "vizuri". Kwake yeye hilo ni jibu? Labda ameuliza tena kwa sababu hajajibiwa bado.

Unaweza kumwambia ukweli. Hatari yake ni kwamba utamkuta siku mbaya, au ataona kwamba amekuwa mzigo, au atakujibu kwa mkato ukaumia wewe. Hatari hiyo inapungua ukimuuliza mkewe kwanza ni saa gani huwa ana nafuu. Jua pia kwamba baada ya dozi ya kemo chembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na mgonjwa wa namna hiyo akipata homa ya nyuzi 38 tu ni dharura. Maongezi yanaweza kukatishwa ghafla, ziara inaweza kufutwa mkiwa mlangoni. Mkija kuruhusiwa kumwona, mwenye mafua abaki nyumbani hata kama ndiye ampendaye kuliko wote. Maua nayo wodi nyingi za namna hiyo hazitaki, na roboti yenu yenye vumbi la karakana, wazo ambalo nina hakika mmoja wenu ameshalitoa, haitapita.

Unaweza kutomwambia na mkabadilisha gia wenyewe, kwa uwazi, kama timu. Hilo nalo lina heshima yake, kwani alichowafundisha ni kutafuta wenyewe mahali umeme ulipokatika. Ila kumbuka kwamba atauona mkono huo, kwa video ya mechi kama si kwa macho, na mhandisi hatahitaji muda mrefu kugundua. Afadhali ajue kwenu au aone mwenyewe? Wewe unamjua kuliko mimi.

Hilo la kuingia usiku peke yako ndilo linalonitia wasiwasi. Wenzako wataingia asubuhi wakute kazi imefunguliwa, na wewe utakuwa na siri ya pili juu ya ile ya kwanza. Tena, mnapokesha humo karakana, ni mtu mzima gani yuko nanyi? Mlezi wenu amelazwa. Mashine za kukatia na kutoboa hazijui kwamba mna majonzi, na mtu asiyelala hukatwa vidole. Hili naomba ulipeleke kwa uongozi wa shule wiki hii.

Kuhusu wenye kalamu ya rangi: sidhani kama wanagombania gia. Wanagombania kitu cha mwisho alichokigusa, na hapo hoja za kihandisi haziingii kwa kupigiwa kelele. Ungejaribu njia ya Mwalimu mwenyewe? Mpe yule anayepinga zaidi futi ya kupimia na daftari, umwombe apime mkono na asome urefu ulioandikwa. Usiongeze neno. Huenda akaona kwamba mkono wa Mwalimu mlishaubadilisha nyinyi, usiku ule mliokesha, na hakuna aliyewaita wasaliti. Huenda pia asione, akakasirika. Basi mtakuwa mmekasirika juu ya kipimo, si juu ya nani anampenda zaidi.

Nije kwenye video. Mwenzako aliyeitengeneza nisingemwita mkosaji. Alikuwa na kompyuta na hofu, akatumia alichonacho. Lakini ile picha ilitumwa kwenu, watu anaowaamini wamwone bila nywele. Haikutumwa kwa wengine. Na kuna watoto wawili ambao wanaweza kuambiwa na mtoto mwenzao shuleni, kabla wazazi hawajapata maneno. Washauri wengi wa familia za wagonjwa wa saratani hupendekeza watoto waambiwe ukweli kwa lugha ya umri wao, na pengine wazazi hao wanajiandaa kwa hilo. Siku na namna ni yao kuchagua.

Mama huyo alikuambia mlifikirie. Mtu aliyechoka, anayehitaji msaada wenu na hapohapo ameumizwa nao, mara nyingi hasemi "futeni". Anaogopa kuonekana hana shukrani, hasa akiwa ameshapokea fedha. Kwa hiyo usiendelee kubahatisha anataka nini. Mrudie kwa maswali yanayojibika kwa neno moja: picha iondolewe? ugonjwa utajwe au usitajwe? jina lake libaki? Mwambie wazi kwamba jibu lolote halitapunguza mchango. Ukiwa na majibu yake, wenzako hawatakuwa wanabishana na wewe tena.

Mkiiondoa yote, michango inaweza kupungua na zipo nakala zitakazoendelea kuzunguka. Mkiiacha ilivyo, mnaweza kuipoteza imani ya familia. Katikati kuna kubadilisha: kuweka picha ya kazi zenu, kusema mlezi wetu anaumwa na familia inahitaji msaada, basi, na kuziandikia timu zile ziondoe ya zamani. Watu wema hawahitaji kuona dripu ndipo watoe. Na pesa zenyewe ziko mikononi mwa nani? Kama ziko kwenye simu ya mwanafunzi, hata akiwa malaika, ziondoeni huko. Ziwe chini ya watu wazima wawili, mahesabu yaonekane, na mapema isemwe zikibaki zitafanya nini. Swali hilo likiulizwa baadaye huwa na uchungu wake.

Waliouliza habari za damu wana nafasi kubwa kuliko wanavyojua. Mgonjwa wa lukemia aliye kwenye kemo huhitaji sana chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na zikishatolewa hazikai zaidi ya siku 5 hadi 7. Chembe nyekundu hukaa hadi siku 42. Kwa hiyo kundi zima likienda siku moja mpigwe picha, nyingine zinaweza kuharibika, na waliotoa damu kamili, isiyotenganishwa chembe, watasubiri wiki 8 au zaidi kabla ya kurudi. Ulizeni benki ya damu inataka nini na lini, mgawane zamu. Nyinyi wenyewe wengi bado ni wadogo, kwani nchi nyingi hutaka mchangiaji awe na miaka 18 na uzito wa kilo 50, chache zikikubali 16 au 17 kwa idhini ya mzazi. Lakini waliowahi kupita kwenye timu yenu je? Wengi wao sasa wana umri ambao rejista za wachangiaji wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huupenda, kati ya 18 na 35 hivi. Ndugu wa tumbo moja ana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kuwa na uboho unaolingana na wa mgonjwa, ndiyo maana rejista hizo zipo. Hatuna uhakika kama Mwalimu atahitaji kupandikizwa uboho, na anayejiandikisha anaweza kuitwa kwa mgonjwa asiyemjua kabisa. Mwambieni kila mtu hivyo kabla hajajiandikisha.

Wema wa timu pinzani umekushangaza, mimi haukunishangaza. Mashindano haya yana mizizi hiyo. Mvumbuzi Dean Kamen alipoanzisha FIRST, shirika la mashindano ya roboti ya wanafunzi, kule Marekani mwaka 1989, alishirikiana na profesa wa chuo cha teknolojia cha MIT, Woodie Flowers, aliyefariki mwaka 2019, na fundisho lao lilikuwa kwamba unaweza kushindana kwa nguvu zako zote na bado ukamtendea mpinzani kiungwana. Timu huingia uwanjani kwa miungano, kwa hiyo mpinzani wa asubuhi anaweza kuwa mwenzako jioni. Kwa hiyo msione aibu kuwaomba kitu kinachowafaa zaidi kuliko jina kwenye fremu: giaboksi ya akiba, kwa mfano, au mlezi wao aje kukaa nanyi jioni chache mpaka shule ipate mtu.

Kuna jambo hukuliandika na nadhani ndilo hasa linalokuamsha. Unaogopa atakufa. Kupona kwa lukemia hutegemea aina yake, umri, na jinsi mwili unavyopokea dawa, na hayo daktari wake ndiye anayeyajua. Kuyatafuta usiku kwenye simu hakutakuambia la kwake. Tafuta mtu mzima wa kumwambia hofu hiyo kwa sauti, mzazi au mshauri wa shule. Unahodha haukukataza kulia, na wale wadogo wa timu huenda wanasubiri kuona kama inaruhusiwa.

Kama mashindano yenu ni hayo ya FIRST ya roboti kubwa, kuna tuzo ya walezi yenye jina la Woodie Flowers, inatolewa tangu 1996, na barua ya kumpendekeza mlezi huandikwa na wanafunzi wenyewe. Kama ni mashindano mengine, barua inaweza kuandikwa vilevile bila tuzo. Muulizeni Mwalimu kama angependa. Akikubali, tazameni tarehe ya mwisho mapema, na msimwachie mtu mmoja aiandike. Yule wa video ampe kila mwenzake nafasi ya kusema ni swali gani la Mwalimu lilimkera zaidi.